Profesa Thomas Risley Odhiambo: Msomi wa Wadudu

Mji wa Liboi umo katika Kaunti ya Garissa, kwenye barabara itokayo Garissa mjini kupitia Dadaab hadi mpaka wa Kenya na Somalia. Katika sehemu hizo ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo ndio utajiri wa mwenyeji, na utajiri huo hutegemea majani yanayochipuka baada ya mvua. Mwishoni mwa Desemba 2019, makundi ya nzige wa jangwani yalivuka mpaka yakaingia Mandera na Wajir, kisha yakaenea hadi Garissa na kwingineko. Kundi moja lililoonekana Kaskazini Mashariki lilikadiriwa kuwa na urefu wa kilomita 60 na upana wa kilomita 40. Ikumbukwe kuwa kundi linaloenea kilomita moja tu ya mraba huweza kula kwa siku moja chakula cha kuwatosha watu 35,000. Kenya haikuwa imeona uvamizi wa kiasi hicho kwa muda wa miaka 70.

Wengi waliotazama mbingu zikigeuka rangi hawakujua kwamba zaidi ya nusu karne kabla ya hapo, Mkenya mmoja alikuwa amechunguza kwa kina mwili wa mdudu huyo huyo. Mkenya huyo ni Profesa Thomas Risley Odhiambo. Maisha yake yanastahili kukumbukwa, kwani alishikilia hadi mwisho kwamba anayesumbuliwa na mdudu ndiye anayepaswa kumjua mdudu huyo kuliko mtu mwingine yeyote.

Odhiambo alizaliwa Mombasa tarehe 4 Februari 1931. Alisoma katika Shule ya Maseno, kisha akajiunga na Chuo cha Makerere nchini Uganda. Baada ya masomo alifanya kazi katika idara ya kilimo ya Uganda. Huko ndiko alikozama katika uchunguzi wa wadudu, hususan kunguni wa mimea, akawaainisha na kuandika makala za kitaalamu juu yao. Mwaka 1959 alisafiri hadi Uingereza kuendelea na masomo katika Chuo Kikuu cha Cambridge, ambako alisoma chini ya Sir Vincent Wigglesworth, bingwa aliyesifika duniani kwa utafiti wa homoni za wadudu.

Akiwa Cambridge, Odhiambo alimchagua nzige dume wa jangwani. Nyuma ya ubongo wa nzige kuna tezi mbili ndogo mno. Odhiambo alizitoa tezi hizo kwa ustadi, kisha akaangalia yatakayofuata. Nzige aliyenyimwa tezi hizo hakukomaa kama wenzake. Mafuta yalijaa mwilini mwake, naye akawa mzito, asiyependa kujongea. Yaani, ile nguvu ya kuzaana na ile hamu ya kwenda huku na huko hutegemea kiasi kidogo sana cha homoni. Watu walikuwa wamezoea kuwaona nzige kama ghadhabu isiyo na maelezo. Utafiti wa aina hii ulionyesha kuwa nzige ni kiumbe mwenye kanuni, na chenye kanuni huweza kueleweka. Mwaka 1965 alihitimu shahada ya uzamifu, akarejea nyumbani kufundisha katika chuo kikuu jijini Nairobi.

Aliporudi alikuta hali iliyomsikitisha. Maarifa mengi kuhusu wadudu wa Afrika yalihifadhiwa na kuendelezwa Ulaya, huku Mwafrika akipokea dawa na maagizo tu. Mwaka 1967 alichapisha makala katika jarida la Science la Marekani, akizungumzia nafasi ya sayansi katika maendeleo ya Afrika Mashariki. Makala hayo yaliwavutia wanasayansi wa ng'ambo, miongoni mwao mwanakemia Carl Djerassi. Mazungumzo yaliyofuata yalizaa, mwaka 1970, Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ikolojia ya Wadudu, kijulikanacho kama ICIPE, nacho kikawa na makao yake Nairobi. Odhiambo alikuwa mkurugenzi wake wa kwanza. Aidha, katika Chuo Kikuu cha Nairobi alikuwa profesa wa kwanza wa elimu ya wadudu na mkuu wa kwanza wa Kitivo cha Kilimo.

Mpango wa awali wa kituo ulikuwa wa aina yake. Mabingwa kutoka nchi za nje waliongoza utafiti kwa kuzuru Nairobi mara kwa mara, huku watafiti vijana wakifanya kazi papo hapo. Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Odhiambo aliongeza sharti lake: mwenyeji asipone tu, bali ajifunze na uganga wenyewe. Kwa sababu hiyo, mwaka 1983 kituo kilianzisha pamoja na vyuo vikuu vya Afrika mpango wa kuwafunza wanafunzi wa uzamifu. Wanafunzi walifanya utafiti ICIPE na kutunukiwa shahada na vyuo vyao.

Utafiti haukubaki maabara. Huko Nguruman, katika nchi ya Wamaasai, watafiti wa kituo walibuni mtego wa mbung'o uliotengenezwa kwa kitambaa na kutiwa chambo cha mkojo wa ng'ombe na asetoni, mtego ambao wafugaji wenyewe waliweza kuushona na kuutunza. Huko Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, kulijengwa kituo cha kuchunguza viwavi wanaotoboa mabua ya mahindi na mtama. Kituo hicho sasa kina jina la Odhiambo. Nzige nao hawakusahauliwa: wanakemia wa ICIPE walichunguza harufu zinazowafanya nzige wakusanyike au watawanyike, wakafanya majaribio hadi Port Sudan.

Odhiambo alikuwa mume na baba, na pia msafiri asiyechoka. Mwaka 1985, mjini Trieste nchini Italia, aliongoza kuasisiwa kwa Akademia ya Sayansi ya Afrika, akawa rais wake wa kwanza. Mwaka 1987 yeye na Rais Abdou Diouf wa Senegal walitunukiwa kwa pamoja Tuzo ya Afrika ya uongozi katika kukomesha njaa, ilipotolewa kwa mara ya kwanza.

Hata hivyo, ndoto yake ilikuwa na kitanzi. Fedha za kuendesha kituo zilitoka kwa wafadhili wa nje kwa kiasi kikubwa, na safari zake nyingi zilikuwa za kuzitafuta. Aliyetaka Afrika ijitegemee kimaarifa alilazimika kubisha hodi katika milango ya wengine. Aliacha uongozi wa ICIPE mwaka 1994, akaendelea kuitetea sayansi ya Afrika hadi alipofariki Mei 2003, akiwa na umri wa miaka 72.

Nzige walipofika mwaka 2019, silaha kuu nchini Kenya ilikuwa dawa za kemikali zilizonyunyizwa kwa ndege na kwa mikono. Ng'ambo ya mpaka kutoka Liboi, Somalia ilitumia pia kuvu anayeua nzige, kwa kuwa dawa kali zingeweza kudhuru malisho na mifugo. Mfugaji ambaye mnyama wake hula jani lililonyunyiziwa dawa ana haki ya kutaka njia iliyo bora zaidi, na njia hiyo haipatikani siku ambayo nzige wamekwisha kutua. Hutafutwa katika miaka ya utulivu, wakati hakuna anayewakumbuka nzige na fedha za utafiti ni haba. Miaka kama hiyo ndiyo Odhiambo aliyoitumia kumsoma nzige na kuwaandaa wale watakaomsoma baada yake.