Gor Alikuwa Mtu Kabla ya Kuwa Timu

Vijana wa Kaloleni, Makongeni na Ziwani hulitaja jina la Gor Mahia kila wiki, na wengi wao hudhani ni jina la timu, basi. Mimi, ambaye kazi yangu ni lugha, ningependa kuwakumbusha walimu wenzangu kwamba Gor alikuwa mtu: mwana wa Ogada, mtawala wa Kanyamwa, kusini mwa Nyanza. Aliishi mwishoni mwa karne ya 19, akaudiriki utawala wa Waingereza.

Alikuwa mtawala na mganga kwa pamoja. Masimulizi ya Waluo yasema aliweza kujigeuza: leo ajuza, kesho mnyama, hata adui akampita asimtambue. Ndipo akaitwa Mahia, yaani mtenda miujiza. Wapo wasomi wanaoyapuuza hayo, mimi siyapuuzi. Kwa watu waliotishwa na majirani, kisha na bunduki za wageni, kiongozi asiyekamatika alikuwa ngao.

Jina hilo lilifikaje Barabara ya Jogoo? Waluo waliohamia mjini kutafuta kazi walikuwa na chama cha kusaidiana, Luo Union, ambacho timu yake ya kandanda ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 1964. Mwaka 1968 timu hiyo iliunganishwa na Luo Stars, na mtoto aliyezaliwa akapewa jina la mzee wa Kanyamwa. Akawa bingwa mwaka uo huo.

Luo Union ilifufuliwa baadaye. Ilitwaa ubingwa mwaka 1975, kisha kombe la vilabu vya Afrika Mashariki na Kati mwaka 1976 na 1977. Mwaka 1980 serikali ilipokataza majina ya kikabila, Abaluhya ilijiita AFC Leopards ikadumu. Luo Union ikawa Re-Union, ikadidimia hadi ikatoweka. Sidai kwamba ni jina pekee lililoiua; vilabu hufa kwa mengi, ukata ukiwa wa kwanza. Hata hivyo, nani huko Eastlands angeimba Re-Union kwa machozi? Jina la Gor halikuwatoka watu midomoni, na mwaka 1987 timu yake ilitwaa Kombe la Washindi barani Afrika.

Kinachonisikitisha ni kwamba tunayahifadhi mabao kuliko maisha ya mwenye jina. Wanafunzi wangu nimewatuma kwa wazee wa Kaloleni waliozaliwa Kanyamwa, wakiwa na kinasa sauti, wangali hai.