Bwana Beijerinck na Vinundu vya Mizizi

Ukiung'oa mkunde taratibu katika shamba la shule, utaona vinundu vidogo mizizini. Ukikipasua kimoja, ndani ni chekundu. Wengi hudhani ni ugonjwa, kumbe mle hukaa vijidudu vinavyoulisha mmea. Wa kwanza kuvitenga na kuvikuza peke yake alikuwa Martinus Beijerinck.

Alizaliwa Amsterdam, Uholanzi, tarehe 16 Machi 1851. Baba yake aliuza tumbaku, lakini biashara ilianguka na nyumba ikapatwa na dhiki. Hata hivyo kijana alisoma sana, na mwaka 1877 akapata shahada ya udaktari (si ule wa kutibu wagonjwa) katika Chuo Kikuu cha Leiden. Akafundisha shule ya kilimo huko Wageningen. Mwaka 1885 akaajiriwa na kiwanda cha hamira mjini Delft.

Mwaka 1886 Mjerumani Hellriegel alionyesha kwamba mimea ya jamii ya kunde hupata naitrojeni ya hewani kwa msaada wa vijidudu. Lakini ni vijidudu gani? Beijerinck aliamini kuwa kila kiumbe huonekana pale kinapopewa chakula kinachokifaa. Basi akachemsha majani ya njegere, akachanganya maji yake na gelatini na sukari kidogo, kisha akatia humo vitu vya ndani ya vinundu. Mwaka 1888 vijidudu vikaota. Miaka miwili baadaye akavitia kwenye maharagwe ya Ulaya, na mizizi ikafanya vinundu.

Leo twajua kwamba mmea nao huchagua. Mizizi hutoa dawa za kuwaita wageni wake, na dawa hizo hutokana na urithi wa mbegu. Ndiyo sababu vijidudu vya njegere havifai kwa soya. Udongo nao una neno lake: ukijaa mbolea ya naitrojeni, mmea hufanya vinundu vichache, kwani chakula kiko karibu.

Mwaka 1895 Beijerinck alifanywa profesa Delft, na mwaka 1898 akaeleza ugonjwa wa majani ya tumbaku, mmea uleule uliomfilisi baba yake, kuwa waletwa na kitu kinachopenya chujio lisilopitisha bakteria. Hicho akakiita virusi.

Kwa wanafunzi hakuwa mtu mwepesi. Alikuwa mkali, mwenye dhihaka, na wengi walimwogopa. Hakuoa kamwe. Mwaka 1921 alistaafu, akaenda kukaa Gorssel pamoja na dada zake. Huko alifariki tarehe 1 Januari 1931.