Ian Donald, munganga aliyeanza na pumzi ya watoto akafika kwenye ekografi

Ekografi ambayo mama mjamzito anafanyiwa leo ilianza kwa mashini ya kukagua vyuma. Aliyeifikiria ni Ian Donald, munganga wa kuzalisha. Lakini mbele ya hapo kulikuwa shida ingine iliyomsumbua: watoto wanaozaliwa na kushindwa kupumua.

Alizaliwa mwaka wa 1910 huko Cornwall, Uingereza, katika jamaa ya wanganga wa Scotland. Alisomea pia Afrika Kusini, na akiwa bado kijana akabaki yatima. Wakati wa vita kuu ya pili alikuwa munganga katika jeshi la anga. Alipewa nishani sababu aliingia katika ndege inayowaka, mabomu yakiwa bado ndani, akatoa askari. Jeshini ndiko alijua radari na sonari: unatuma mawimbi, unangoja mwangwi urudi, unajua kitu kiko wapi.

Kisha vita alifanya kazi London. Watoto waliozaliwa kabla ya wakati walikuwa wanakufa, mapafu hayajakomaa. Donald alipenda sana vyombo, hata wenzake walimcheka. Pamoja na Maureen Young akatengeneza mashini ya kusaidia mtoto kupumua, inayofuata pumzi ya mtoto mwenyewe. Ilikuwa kazi nzuri, lakini haikutosha. Ni 1959 tu ndipo Mary Ellen Avery na Jere Mead, huko Marekani, walionyesha kwamba mapafu hayo yanakosa surfaktanti, ule utando unaozuia vifuko vya hewa visifungane.

Wakati huo Donald alikuwa Glasgow, profesa tangu 1954. Mwaka wa 1955 alipakia katika gari uvimbe uliotolewa kwa wagonjwa, akaupeleka kwenye kiwanda cha Renfrew, kulikokuwa mashini ya kutafuta nyufa ndani ya chuma. Wakapima pia kipande cha nyama ya ng'ombe, kwa kulinganisha. Uvimbe wa maji na uvimbe mgumu vilitoa mwangwi tofauti! Injinia Tom Brown na munganga John MacVicar wakamsaidia. Mama mmoja aliyedhaniwa kufa kwa kansa ya tumbo, mashini ikaonyesha ni mfuko mkubwa wa maji, akapasuliwa, akapona. Matokeo yao yalitangazwa 1958.

Kwenye mapafu, wanganga walikataa ekografi kwa miaka mingi, sababu sauti haipiti vizuri katika hewa. Donald alifariki 1987. Kuanzia miaka ya 1990, Mfaransa Daniel Lichtenstein alionyesha kwamba hata ile mistari inayodhaniwa ni makosa ya picha ina maana. Pafu lenye hewa linatoa mistari ya kulala. Lenye maji, mistari ya kusimama. Lisilokomaa linakuwa jeupe lote.

Leo, katika hospitali zenye vifaa, mtoto anapimwa palepale kitandani, mashini ya pumzi ikiwa pembeni. Picha ikiwa nyeupe, na mtoto anahangaika kupumua, munganga anaweza kumpa surfaktanti mapema, bila kungoja radiografi.