Emil Fischer

Hermann Emil Louis Fischer (Euskirchen, 9 Oktoba 1852 – Berlin, 15 Julai 1919) alikuwa mwanakemia kutoka nchini Ujerumani. Hasa anajulikana kwa kugundua muundo wa glukosi na sukari nyingine, na kwa kueleza kwamba umbo la molekuli ndilo linaloamua kazi yake ndani ya kiumbe hai. Mwaka wa 1902 alipokea Tuzo ya Nobel ya Kemia, akiwa mtu wa pili kuipata baada ya Jacobus van 't Hoff.

Maisha ya awali

Fischer alizaliwa katika mji mdogo wa Euskirchen, karibu na Köln. Baba yake, Laurenz Fischer, alikuwa mfanyabiashara aliyetaka mwanawe afanye kazi ya mbao. Kijana alijaribu kwa muda mfupi lakini hakuonyesha kipawa chochote cha biashara, hivyo baba yake akakubali asome. Mwaka wa 1871 aliingia Chuo Kikuu cha Bonn, alikomsikiliza August Kekulé. Mwaka uliofuata alihamia Strasbourg, mji ambao wakati ule ulikuwa chini ya Ujerumani, akawa mwanafunzi wa Adolf von Baeyer. Alipata shahada ya uzamivu mwaka wa 1874, kisha akamfuata mwalimu wake hadi München.

Baadaye alikuwa profesa katika miji ya Erlangen na Würzburg. Kuanzia mwaka wa 1892 hadi kifo chake alifundisha Berlin.

Tatizo la sukari

Kabohaidreti ni kundi la dutu zinazoundwa na kaboni, hidrojeni na oksijeni. Ndani yake mna sukari, wanga na selulosi. Mimea huzitengeneza kwa nguvu ya jua, na viumbe wengi huzitumia kama chanzo cha nishati.

Katika karne ya 19 wanakemia walijua kwamba glukosi, fruktosi na manosi zina idadi ileile ya atomu: 6 za kaboni, 12 za hidrojeni na 6 za oksijeni. Hata hivyo tabia zao zilitofautiana. Kuzichunguza kulikuwa kugumu, kwa sababu sukari zisizo safi hubaki kama asali nzito na hazifanyi fuwele kwa urahisi.

Ufunguo wa tatizo hilo ulikuwa fenilihidrazini, dutu ambayo Fischer aliigundua mwaka wa 1875. Mwaka wa 1884 alieleza kwamba ikichanganywa na sukari na kupashwa moto, hutoa fuwele za manjano ambazo ni rahisi kusafisha na kutambua. Aliona kwamba glukosi, manosi na fruktosi zinatoa fuwele za aina moja. Maana yake, sukari hizo tatu zinatofautiana kwenye kaboni mbili za kwanza tu, na sehemu iliyobaki ni ileile.

Mwaka wa 1890 alifaulu kutengeneza glukosi, fruktosi na manosi katika maabara akianzia na gliseroli. Mwaka wa 1891 alitangaza mpangilio wa atomu za glukosi. Alitumia nadharia ya van 't Hoff na Joseph Le Bel ya mwaka wa 1874, kwamba vifungo vinne vya kaboni huelekea pande nne tofauti. Kwa nadharia hiyo, sukari za jamii ya glukosi zinaweza kuwa na maumbo 16, yaani jozi 8 ambamo kila umbo lina mwenzake kama taswira katika kioo. Kwa hoja za kimantiki na majaribio mengi, Fischer alitambua jozi ya glukosi.

Swali moja lilibaki: kati ya maumbo mawili ya jozi hiyo, lipi ni la glukosi ya asili? Wakati ule hapakuwa na njia ya kujua, hivyo alichagua moja ili kazi iendelee. Mwaka wa 1951 mwanasayansi Mholanzi Johannes Bijvoet alitumia eksirei na kuonyesha kwamba chaguo hilo lilikuwa sahihi. Fischer hakuwahi kulijua jibu hilo.

Ufunguo na kufuli

Fischer aliona pia kwamba hamira huchachusha glukosi ya asili lakini haigusi taswira yake ya kioo. Mwaka wa 1894 alieleza kwamba kimeng'enya na dutu kinayoibadilisha lazima vilingane kwa umbo, kama ufunguo na kufuli yake.

Wazo hilo husaidia kueleza kazi ya kabohaidreti mwilini. Wanga na selulosi zote ni minyororo ya glukosi, ila glukosi hizo zimeunganishwa kwa namna tofauti. Vimeng'enya vya binadamu huweza kuvunja viungo vya wanga, kwa hiyo mahindi na mihogo hutupatia nishati. Haviwezi kuvunja viungo vya selulosi, kwa hiyo mbao na nyasi si chakula chetu, ingawa zimejaa glukosi.

Kazi nyingine

Fischer alichunguza pia purini, kundi lenye kafeini na asidi ya yuriki. Kuanzia mwaka wa 1899 alishughulikia protini na kuonyesha jinsi asidi za amino zinavyounganishwa. Mwaka wa 1903, pamoja na daktari Josef von Mering, alileta barbitali, dawa ya usingizi. Kati ya wanafunzi wake, Otto Diels na Otto Warburg walipata baadaye Tuzo ya Nobel.

Familia na miaka ya mwisho

Mwaka wa 1888 alimwoa Agnes Gerlach, wakapata wana watatu. Agnes alifariki mwaka wa 1895, na Fischer hakuoa tena. Fenilihidrazini iliyomfungulia siri ya sukari ni sumu, nayo ilidhuru afya yake kwa miaka mingi.

Mwaka wa 1914 alikuwa kati ya wasomi 93 waliotia sahihi tamko la kuitetea Ujerumani katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, jambo alilolijutia baadaye. Wanawe wawili walikufa wakati wa vita hivyo. Alipogunduliwa kuwa na saratani, alijiua mwaka wa 1919, akiwa na umri wa miaka 66.

Mwana aliyebaki, Hermann Fischer, alikuwa mwanabiokemia, akafanya kazi Toronto na Berkeley. Njia ya Emil Fischer ya kuchora molekuli za sukari kwenye karatasi bado hutumika katika vitabu vya kemia na biolojia.