Mwalimu Nyerere baada ya Januari 1964

Sisi tunaosoma falsafa huulizwa na waamini: huyo Plato wenu atatusaidia nini? Safari hii tunajibu kwa kumtazama Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, akabatizwa 1943, akasoma Edinburgh, akafundisha Pugu. Aprili 1962, akiwa ameacha uwaziri mkuu, alitoa kijitabu juu ya ujamaa. Humo mwanadamu anaaminiwa sana. Wazee wetu waliishi kindugu, ubepari ukaja na wageni. Turudishe moyo ule wa zamani na mambo yatatengemaa.

Kisha ikaja Januari 1964. Tarehe 12 yalitokea Mapinduzi ya Zanzibar. Tarehe 20 askari wa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi wakidai mishahara na kuondolewa kwa maofisa Waingereza. Rais alifichwa. Siku chache baadaye, mtu aliyewatoa Waingereza kwa amani aliwaomba askari wao warudi kumwokoa na jeshi lake mwenyewe. Tunadhani aibu ile ilimfundisha kuliko vitabu vyote vya Edinburgh. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu nao wakaandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Akawafukuza, akapunguza na mshahara wake kwa asilimia 20.

Ukijua hayo, Azimio la Arusha la 1967 linasomeka tofauti. Kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na nyumba za kupangisha. Anayeandika masharti ya namna hiyo haamini tena kwamba moyo mwema unatosha. Kwa maoni yetu, hapo alisogea karibu zaidi na fundisho la dhambi ya asili kuliko mwaka 1962.

Lakini masharti yale yaliwabana viongozi waliokuwa chini yake. Yeye alikuwa na sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kesi, na tangu 1965 chama kimoja. Kuanzia 1973 watu walihamishiwa vijijini, wengi kwa nguvu. Nani alimwekea yeye mipaka? Swali hili hatulikwepi kwa sababu tu tunaiombea kesi yake ya utakatifu. Mwaka 1985 aliachia urais kwa hiari, na mwaka 1990, akiwa bado mwenyekiti wa chama, alianza kusema hadharani kwamba vyama vingi vijadiliwe.