Andrew Foster, mtoto wa mchimba makaa

Huyu mutu tunayemweleza leo alizaliwa kwa nyumba ya mchimbaji. Ni Andrew Foster, wa Ensley, Alabama, Marekani, mwaka 1925. Baba yake alikuwa akichimba makaa ya mawe. Mwaka 1936, akiwa na miaka 11, meningiti ilimushika yeye na ndugu yake. Walipona, lakini wote wawili wakabaki viziwi.

Ndani kabisa ya sikio kuna kitu kimejikunja kama konokono, kimejaa maji. Humo zimepangwa chembe karibu elfu 15, kila moja na vinyweleo vidogo sana juu yake. Sauti ikiingia, maji yanatikisika, vinyweleo vinainama, njo chembe inatuma habari kwa ubongo. Meningiti inaweza kuziua kwa siku chache tu. Mashine ya kutoboa mawe na baruti zinaziuaga pole pole; ukitoka shimoni masikio yanalia nziii, ujue zimeumia. Na zikikufa, za kuku zinaotaga tena. Za binadamu, hapana.

Foster alisoma Talladega, kwa shule ya viziwi weusi, halafu akaenda Detroit. Gallaudet, chuo kikuu cha viziwi kule Washington, kilimukataa mara kadhaa juu ya rangi yake. Mwaka 1951 kikamupokea, na 1954 akawa mweusi wa kwanza kupata diploma yake.

Mwaka 1957 alifika Accra. Watu wakamwambia Ghana haina watoto viziwi. Hatushangai: mtoto asiyesikia, hata kwetu, mara nyingi anakaa nyuma ya nyumba, wageni hawamuoni. Foster akawatafuta, akapata darasa la kuazima, akaanza kufundisha kwa mikono. Mwaka 1961 alioa Berta, Mjerumani, kiziwi kama yeye. Toka Accra alizunguka Afrika miaka 30, akafungua shule zaidi ya 30 kwa nchi 13, Kongo yetu ndani. Wanafunzi wake wengine wakawa walimu, viziwi wakifundisha viziwi.

Tarehe 3 Desemba 1987, akienda Kenya, ndege yake ndogo ilianguka Rwanda, hapa jirani. Alikuwa na miaka 62.