Otis Redding: historia iliyofungwa mapema

Baba mdogo alipofariki, mimi nilipewa santuri yake moja. Mashine ya kuichezea iliharibika zamani, basi nilitafuta nyimbo zile zile kumi na mbili katika simu, nikazisikiliza kwa kufuata mpango ulioandikwa kwenye jalada. Santuri inaitwa History of Otis Redding, yaani historia ya Otis Redding. Ilitoka Novemba 1967. Mwenye historia alikuwa na miaka 26.

Mama alikuwa karibu akichambua sombe. Akaniuliza huyu mtu anasema nini, maana mimi ndiye ninayesoma Kiingereza nyumbani. Kwa bahati mbaya ilikuwa zamu ya wimbo uitwao Fa-Fa-Fa-Fa-Fa. Nilinyamaza. Mwanafunzi wa lugha atafsiri nini pale? Ndipo nikaanza kuyafuatilia maisha ya mwimbaji huyu.

Alizaliwa tarehe 9 Septemba 1941 huko Dawson, katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, akakulia mji wa Macon. Baba yake aliugua kifua kikuu, na Otis akaacha shule akiwa na miaka 15 ili asaidie nyumbani. Alichimba visima, akafanya kazi kwenye kituo cha mafuta, na usiku akaimba. Katika mashindano ya vipaji mjini Macon alishinda wiki 15 mfululizo.

Mwaka 1962 alifika studio ya Stax, mjini Memphis, akiwa dereva. Alimpeleka mpiga gitaa Johnny Jenkins, ambaye ndiye aliyekwenda kurekodi. Kazi ya Jenkins haikuendelea vizuri, muda kidogo ukabaki, na dereva akapewa nafasi. Aliimba These Arms of Mine, na wimbo huo ukamtoa kwenye usukani. Studio yenyewe ilikuwa sinema ya zamani, sakafu yake ingali na mteremko. Humo weusi na weupe walipiga muziki pamoja, katika mji ambao nje ya mlango uliwatenga.

Otis hakuandika noti. Alipotaka tarumbeta na saksafoni zipige sauti fulani, aliwaimbia wapigaji kwa mdomo mpaka wakaishika. Hapo nikapata jibu la mama. Zile fa-fa-fa ni lugha yake ya kazi. Katika wimbo ule anazitoa, nazo tarumbeta zinamjibu vile vile. Sisi darasani tungeziita silabi zisizo na maana. Wale wapigaji walizielewa vizuri kuliko karatasi.

Wimbo mwingine wa santuri hii ungefaa kuletwa kwenye somo la pragmatiki. Respect aliutunga na kuurekodi mwaka 1965: mwanamume anarudi nyumbani na kumdai mkewe heshima. Mwaka 1967 Aretha Franklin aliuimba kwa kinywa cha mwanamke, akageuza na kuongeza maneno, nao ukafika nafasi ya kwanza Marekani. Alipobadilika msemaji, dai la mume likawa dai la wanawake, na la watu weusi pia. Leo wengi hawajui kwamba mtunzi ni Otis.

Juni 1967 aliimba kwenye tamasha la Monterey, California, mbele ya vijana ambao wengi wao walikuwa weupe, akawateka. Baadaye alifanyiwa upasuaji wa koo, ikambidi akae kimya kwa wiki kadhaa. Fikiria mtu ambaye hata noti zake zimo mdomoni, anakatazwa kutoa sauti! Aliporudi studio alirekodi (Sittin' On) The Dock of the Bay, wimbo mtulivu kuliko zile za kwanza, ambao mwisho wake anapiga mluzi tu.

Tarehe 10 Desemba 1967 ndege yake ilianguka katika ziwa Monona, karibu na Madison, Wisconsin. Watu saba walikufa, wengi wao vijana wa bendi ya Bar-Kays. Aliyeokoka ni mmoja, mpiga tarumbeta Ben Cauley. Wimbo wa mluzi ulitoka Januari 1968, ukawa wa kwanza nchini Marekani kushika nafasi ya kwanza mwimbaji akiwa amekwisha kufa.

Basi santuri iliyojiita historia ilifungwa kabla ya wimbo ambao dunia inamkumbuka nao. Walioipanga hawakukosea, walidhani bado kuna wakati. Nasi tulimdhania baba mdogo hivyo hivyo.

Jioni ile, zile kumi na mbili zilipokwisha, niliongeza huo wa kumi na tatu. Mluzi ulipoanza mama aliacha sombe, akasikiliza mpaka mwisho. Safari hii hakuuliza maana. Aliuliza kama huo nao ulikuwa wa baba mdogo. Nikamjibu hapana, katika santuri yake haumo. Akaniambia niurudie.